Wimbi Lililokatwa Kichwa

Fundi Mwishehe alikuwa na tabia moja iliyomuudhi Inspekta Bupe tangu salamu: hakumjibu mtu mpaka amalize alichokuwa anakifanya. Na asubuhi ile ya Jumamosi, alichokuwa anakifanya kilikuwa kupaka rangi ya kucha.

Hakuwa anapaka kucha. Alikuwa ameinama ndani ya buti la Noah ya mteja, mkononi ana kichupa cha rangi nyekundu, akidondosha tone moja juu ya skrubu ndogo ya amplifaya. Akalipuliza tone hilo kwa subira, kana kwamba hapakuwa na afisa wa polisi aliyesimama nyuma yake kwenye jua la Vingunguti, pua ameibana kwa harufu ya machinjioni.

"Nusu ya tone ikae kwenye skrubu, nusu kwenye bati," alisema hatimaye. "Mteja akiigusa tu, rangi inakatika. Watu waongo, mwanangu. Anaongeza geini mwenyewe, anaunguza spika, halafu anakuja kunilaumu mie. Namwonyesha rangi, anakaa kimya." Akajifuta mikono kwa kitambaa. "Ehe. Marahaba."

Bupe alikuwa amemwamkia dakika tano nyuma. Akatoa memori kadi ndani ya bahasha ya kituo na kuiweka juu ya meza.

"Mzee, nimeambiwa wewe ndiye uliyekuwa unatengeneza mitambo ya marehemu Ansbert."

Mwishehe akaacha kujifuta.

"Miaka kumi na mmoja," alisema. "Kirikuu yake ile naijua kuliko ninavyoijua nyumba yangu."

Tabata mpaka Pugu hapakuwa na mtu asiyeijua kirikuu ya Ansbert Rwegoshora, kigari cha mizigo chenye spika nne juu ya kichwa. Ndiyo iliyotangaza misiba, chanjo, mechi na watoto waliopotea. Mwaka jana kiharusi kilimwangusha mzee, kikamlaza miezi mitano na kumwachia sauti ya kunong'ona tu. Alikufa mwezi wa nne. Wiki tatu baada ya mazishi, mdogo wake Venance aliibuka kwenye kikao cha ukoo na rekodi ya sekunde kumi na mbili aliyodai ni wosia. Kikao kiliusikiliza, watu wakalia, wakaukubali. Mjane, Avelina, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Loveness, akaambiwa ahame kabla ya mwisho wa mwezi. Jumatatu shauri lingefika mahakama ya mwanzo, na hakimu akiridhika na sauti ile, mama wa watu angetoka na mabegi yake.

Barua ya malalamiko ya mjane ilifika kituoni imechapwa vizuri, haina kosa hata la nukta. Aliichapa binti yake, Loveness, anayefanya kazi kwenye duka la kuchapa na kuingizia watu nyimbo kwenye memori pale Gongo la Mboto. Bupe aliisoma, akaisikiliza rekodi, akamwambia mjane kwa upole kwamba sauti ni ya mumewe na kwamba mambo ya urithi ndivyo yalivyo. Mjane alikubali kwa kichwa na kuondoka bila kubisha. Kuondoka kule kimya ndiko kulikomkosesha Bupe raha wiki nzima.

"Iweke," alimwambia fundi.

Mwishehe aliiweka. Sauti ikatoka, ndogo, ya chini, ya mtu aliyechoka.

*Mimi Ansbert Rwegoshora. Nyumba yangu ya Gongo la Mboto, apewe mdogo wangu Venance. Loveness, mwanangu, apewe vyumba viwili.*

Fundi akavuta pumzi. "Ni yeye," alisema. "Sina la kuongeza."

"Hata mie ndivyo nilivyosema."

"Ngoja niirudie." Safari hii fundi hakutazama spika. Alivuta kimashine chenye kioo kidogo kama kipande cha sabuni ya kuogea, akachomeka waya. Mstari wa kijani ukaanza kucheza kwenye kioo. Akaugandisha. Akausogeza. Kisha akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa na kukuna ndevu.

"Mwanangu, geini unaijua?"

"Si ndiyo volyumu?"

"Haya! Hapo ndipo wanapounguzia spika." Mzee akafurahi ghafla, kama mwalimu aliyempata mjinga anayemtafuta. "Volyumu unaongeza na kupunguza upendavyo. Geini ni makubaliano kati ya redio na mashine. Sauti inayoingia ina ukubwa huu, basi mashine iikuze kiasi hiki, isizidi. Tazama."

Aliweka flashi yenye mlio mmoja tu usiopanda wala kushuka, mlio wa kuudhi. Kwenye kioo likatokea wimbi la duara juu, duara chini, laini. Akachukua bisibisi na kuanza kuzungusha skrubu ya amplifaya ya majaribio pole pole. Wimbi likakua, likakua, kisha vichwa vyake vikagonga mahali na kulala bapa, kama vimepigwa panga.

"Mashine ina dari. Wimbi likifika darini halina pa kwenda, linakatwa kichwa. Sikio linasikia mkwaruzo. Spika inasikia moto. Fundi wa kweli anazungusha mpaka aone kichwa kinaanza kulala, halafu anarudi nyuma kidogo, anaweka rangi. Sasa nipunguzie volyumu. Hiyo hapo."

Bupe akapunguza volyumu ya kimashine. Wimbi likawa dogo, dogo zaidi, mpaka likabaki kijistari. Lakini mzee alipolikuza kwenye kioo, vichwa vilikuwa bado bapa.

"Hakijarudi," Bupe alisema.

"Hakirudi. Ukishakata, umekata. Chapati ukiipunguza haiwi andazi." Akarudisha rekodi ya wosia kwenye kioo na kunyoosha kidole chenye rangi ya kucha. "Haya, niambie unaona nini."

Bupe aliinama. *Mimi Ansbert Rwegoshora*: bapa. *Nyumba yangu ya Gongo la Mboto*: bapa. *Apewe*, *mdogo wangu Venance*, bapa tupu, juu na chini. Sauti ndogo ya mgonjwa, lakini kila kichwa kimekatwa.

Akasimama wima. Aliisikia hasira ikimpanda, hasira ya mtu aliyedanganywa akashukuru.

"Huyu hakuwa ananong'ona."

"Huyu alikuwa anapiga kelele kwenye maiki, mashine imezidiwa. Halafu kuna mtu kaipunguza ili ionekane ya kitandani." Mwishehe alifungua droo, akatoa daftari la shule lenye jalada lililolainika. "Mzee alikuwa mkaidi. Kila nikimwekea geini anaipandisha, anasema anataka sauti ifike Pugu. Na kila tangazo mashine ilikuwa inalirekodi kwenye flashi, limekatika hivyo hivyo. Mpaka nilipochoka nikampigia rangi na kumwapisha. Hii hapa: tarehe kumi na nne Agosti, mwaka juzi. Baada ya hapo matangazo yake yote ni mviringo."

"Kwa hiyo maneno haya ni ya kabla ya Agosti mwaka juzi. Kabla hajaugua."

"Wewe ndiye polisi."

Flashi ya matangazo alikuwa nayo, mzee Ansbert alimwachia aitunze. Walikaa saa mbili nzima wakisikiliza misiba ya watu. Walikipata walichokitafuta kipande kwa kipande. *Nyumba yangu ya Gongo la Mboto* ilitoka kwenye mwaliko wa komunio. *Mdogo wangu Venance* ilitoka kwenye tangazo la harusi yake. *Vyumba viwili* vilikuwa vinapangishwa Kinyerezi. Na *apewe* ilitoka kwenye bonanza la mpira: mshindi wa kwanza apewe mbuzi. Bupe alicheka, kisha akaona aibu kwa kucheka. Mama wa watu alikuwa anafukuzwa nyumbani kwa neno la mbuzi.

"Nani mwingine ana matangazo haya?"

"Baada ya msiba nilitoa nakala mbili. Moja Brightson, kijana wake, maana gari kalichukua yeye. Nyingine binti, Loveness. Alikuja hapa analia, anataka sauti ya baba yake. Ningemnyimaje?"

Brightson. Bupe aliliandika jina hilo na kulipigia mstari. Kijana aliyegombana na baba yake, ambaye sasa anabeba mizigo ya duka la Venance kwa gari la marehemu. Ilikaa vizuri mno.

"Subiri," Mwishehe alimwita alipokuwa anafunga bahasha. "Kuna kipande hatujakipata." Akagandisha kioo. *Loveness, mwanangu.* Wimbi lilikuwa dogo, la duara juu, la duara chini. "Hili halijakatwa. Hili ni nong'ono la kweli. Na ona huku chini, huu mtetemo unaokwenda na kurudi. Hiyo ni feni."

*

Venance Rwegoshora alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Tabata, na kitambi cha mtu anayependa kuitwa mheshimiwa. Alimkaribisha Bupe kiti, akamwagizia soda ambayo hakuinywa.

"Afande, mie sina la kuficha. Kaka yangu alinishika mkono, akasema, mdogo wangu, rekodi."

"Simu iliyorekodi iko wapi?"

"Ilidumbukia kwenye ndoo ya maji. Bahati niliishaweka kwenye memori."

"Ulirekodi mara ngapi?"

"Mara moja tu. Mwanzo mpaka mwisho, sikukata popote."

"Kwa sauti gani?"

"Ya taabu. Unasikia kabisa mtu anakata roho."

"Mlikuwa chumbani kwake? Dirisha wazi, feni inawaka?"

Venance akamtazama kwa uangalifu. Alifikiria rekodi yake, ambayo hakuwa amesikia feni ndani yake, na akachagua jibu lililoonekana salama.

"Feni haikuwaka. Siku hiyo umeme ulikatika tangu asubuhi. Nakumbuka sana, maana nilimpepea mwenyewe kwa gazeti."

Bupe aliandika maneno hayo kama yalivyo, akamsomea, akamwomba asaini. Akasaini kwa mbwembwe.

Nje, Brightson alikuwa anashusha mifuko ya saruji kutoka kwenye kirikuu. Spika nne bado zilikuwa juu. Bupe alimuuliza kama baba yake aliwahi kumtumia ujumbe wa sauti alipokuwa mgonjwa. Kijana akacheka bila furaha.

"Sista, mie na mzee hatukuongea miaka miwili. Hata kumuuguza sikumuuguza. Loveness ndo alikuwaga naye. Flashi ya matangazo ipo humo kwenye dashibodi, sijaigusa, sina hata kompyuta."

Bupe alirudi kwenye gari akiwa ameshajua. Hakupenda alichokijua. Barua nzuri isiyo na kosa hata la nukta ilikuwa kwenye faili pembeni yake, na duka lililoichapa lilikuwa na kompyuta inayoingiza nyimbo.

*

Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali, vyumba sita, na kibaraza kilichofagiliwa mpaka kikang'aa. Mama Loveness alimpokea kwa mikono miwili. Loveness, mwenye miaka ishirini na nane, alileta chai na maandazi, akaketi karibu na mama yake, bega kwa bega.

"Nimekuja kukuomba radhi, mama," Bupe alisema. "Rekodi ni ya kuungaunga. Nimeithibitisha."

Mama Loveness alifunika uso kwa kanga. Akalia kidogo, kwa adabu, kisha akamkumbatia binti yake. "Nilikwambia," alimwambia. "Nilikwambia baba yako hawezi. Huyu mtoto ndiye aliyenisukuma, afande. Mie nilishakata tamaa. Akaniambia mama, tuandike barua, Venance hawezi kukutoa humu."

"Mtu ameungaunga matangazo ya zamani ya kwenye gari," Bupe aliendelea, macho kwenye kikombe. "Yote, isipokuwa kipande kimoja. Pale anapoita 'Loveness, mwanangu.' Pale ni sauti ya mgonjwa kweli. Loveness, baba aliwahi kukutumia ujumbe wa sauti?"

"Hapana," Loveness alisema.

Haraka mno. Na mama yake, Mungu amsamehe kwa roho yake nyeupe, akataka kusaidia.

"Si ulipokwenda Muleba kwenye matanga ya bibi? Mwanaasha wa jirani alinambia alimshikia simu baba yako akakurekodia. Mie nilikuwa sokoni. Umesahau?"

Bega la Loveness lilisogea, kidogo tu, likaachana na la mama yake.

"Nipe simu, Loveness," Bupe alisema. "Ifungue kwanza."

Aliifungua. Akamkabidhi bila kubisha. Bupe alitafuta jina la baba, mwezi wa tatu, sekunde sita. Akabonyeza. Feni ikasikika kwanza, ikienda na kurudi. Kisha sauti ya mtu anayevuta kila neno kutoka mbali.

*Loveness, mwanangu. Usimwache mama yako.*

Kuku walikuwa wanaparua uani. Mama Loveness alibaki amekodoa macho kwenye simu.

"Mbona kwenye kikao halikuwepo hilo la mwisho?" aliuliza. Alimuuliza Bupe, lakini aliyejibu hakuwa Bupe.

"Nililikata mie, mama."

"Wewe?"

"Mie." Loveness alianza kulia kwa hasira, kama mtoto aliyeonewa. "Ulisema nyumba ni ya Brightson! Baba bado hajafa, ulisema mbele ya mashangazi, nyumba ya baba inakwenda kwa kijana wa kiume, Loveness ataolewa. Miezi mitano nani alikuwa anamgeuza baba? Nani alikuwa anafua mashuka? Brightson alikuja mara ngapi? Baba mdogo akaniambia, nisaidie, mie nitakupa vyumba viwili vyenye karatasi, na mama atabaki na chumba chake mpaka Mungu amchukue. Aliapa. Halafu kwenye kikao akakwambia uhame. Alinigeuka, mama."

"Ndiyo ukaniandikia barua."

"Nilitaka polisi wamtishe. Airudishe ile ahadi yake tu. Nilijua hawatafika kwangu."

Mama Loveness alikuwa anaitikia kwa kichwa, pole pole, kama anayesikiliza bei ya kitu asichokuwa na nia ya kukinunua.

"Ulinisomea ile barua," alisema. "Hapa hapa. Nikalia, ukanifuta machozi kwa mkono huo."

"Mama, na wewe ulinitupa kwanza."

Jambo hilo lilikuwa kweli, na Bupe aliona jinsi lilivyoingia. Mjane hakukana. Hakuwa mwanamke wa kukana alichosema mbele ya mashangazi.

"Nilisema," alikiri. "Nilisema kwa sababu ndivyo nilivyokuta. Hata mie nilisemwa hivyo kwetu. Ungeniambia inakuuma. Ungenipigia kelele. Mie ni mama yako, ungenitukana hata. Sasa umemchukua baba yako aliyekufa, ukamkata maneno, ukamfanya anifukuze. Wiki nne nimelala nikimchukia marehemu, Loveness. Nimemnunia kaburini."

Loveness akateleza kutoka kwenye kiti, akapiga magoti. Mama yake hakumsukuma, wala hakumgusa.

Bupe alitoa fomu. Kazi yake ilikuwa na sehemu kama hizi, na hakuwa amejifunza kuzipenda. Alieleza kwa kifupi: Venance angekamatwa jioni hiyo, wosia haungefika kwa hakimu, nyumba haiondoki. Lakini kughushi kulifanywa na watu wawili, na mlalamikaji ndiye anayesaini.

"Mlalamikaji ni mie?"

"Ni wewe, mama."

"Na hiyo simu?"

"Kielelezo. Inakwenda kituoni pamoja naye. Sijui itarudi lini."

Mama Loveness akaichukua kalamu. Aliandika jina lake taratibu, herufi moja moja, kama walivyofundishwa kwenye elimu ya watu wazima, akarudisha fomu bila kumtazama aliyepiga magoti. Kisha akainuka, akaingia ndani. Alirudi na sweta la zamani la mumewe, akaliweka kwenye mapaja ya binti yake.

"Huko lala nalo," alisema. "Sakafu ya simenti ni baridi."

"Mama..."

Mama Loveness alimgeukia Bupe. "Kabla hujaondoka nayo, niwekee tena. Sijamsikia tangu afe. Nimemsikia wa kuungwa tu."

Bupe akabonyeza. Feni ikaenda, ikarudi. Mama Loveness aliinamisha sikio mpaka likakaribia kugusa kioo cha simu, na sauti ile ndogo, isiyokatwa popote, ikapita yote mpaka mwisho.

"Nimesikia, Baba Loveness," aliijibu.

Akajinyoosha, akajifunga kanga upya kiunoni.

"Mchukue, afande."